Ukuta wa Bi Zamda

Bi Zamda alipotangaza kwamba makaburi ya ukoo yatajengewa upya, hapakuwa na mtu kijijini Mbuchi aliyethubutu kumuuliza kwa nini sasa. Ukuta wa mawe waliouacha wazee, wale waliokuwa wakiuza mchele na boriti mpaka Unguja, ulikuwa umebaki vipande, hata hapakujulikana ulipoishia. Wanawe walioko Dar wakachanga, fundi Sufiani akaitwa, chokaa ikaletwa kwa mtumbwi.

Sababu aliijua mwenyewe. Kando ya kaburi la marehemu mumewe, Bwanaheri, palibaki nafasi ya mtu mmoja. Na Bwanaheri aliacha wake wawili.

"Ukuta upite hapa," alimwambia Sufiani, akichora mstari mchangani kwa ncha ya mwavuli.

"Tukisogeza kidogo, mama, nafasi ya pili inapatikana."

"Nani kakuuliza habari ya pili?"

Hanifa, mke mdogo, aliwasha moto. Aliwapikia mafundi, akateka maji, akang'oa magugu mpaka nje ya mstari. Bi Zamda alimtazama akamwonea huruma, huruma ya mtu aliyekwisha kushinda.

Ukuta ulipokauka, mweupe pe, ikasomwa hitima. Bi Zamda aliketi ndani, kando ya kaburi alilolizuru kila Ijumaa kumsimulia mumewe habari za nyumbani. Hanifa akatandika jamvi nje, penye tuta lisilo na alama.

"Mwenzangu, ingia," Bi Zamda aliita kwa sauti ya ukarimu, watu wasikie. "Kumzuru marehemu hakukatazwi."

"Namzuru, dada."

"Kwa kuchungulia ukutani?"

Hanifa aliinamisha kichwa. "Bwanaheri yuko hapa. Tulipokuwa edani mafuriko yalichukua vibao vyote vya makaburi. Kaka yangu Mshamu alishuka kaburini kumlaza, ndiye aliyenionyesha."

Bi Zamda akamgeukia Mshamu. Mshamu akatazama ndara zake.

"Ni kweli, shemeji."

"Na huyu niliyekaa naye ni nani?"

"Mzee Mashaka."

Watu wakakohoa. Mashaka na Bwanaheri, ingawa wa ukoo mmoja, waligombania mpaka wa shamba la mpunga hadi wakaapa wasizikane.

"Miaka yote hii namlilia Mashaka!" Bi Zamda alishika kichwa. "Nimempa mpaka siri za wanangu! Na wewe unaniona, Hanifa, umenyamaza tu?"

"Hukuniuliza, dada. Tena..." Hanifa alipangusa mchanga jamvini. "Alipokuwa hai, Ijumaa zote ulizichukua wewe."

Sufiani akasogea, akanong'ona, "Tuvunje, mama?"

Kabla Bi Zamda hajajibu, Faraja, mtoto wa Mashaka, alisimama machozi yakimlengalenga. "Mama, Mungu akulipe. Sisi wanawe tumeshindwa hata kumwekea baba jiwe moja. Wewe umemjengea ukuta! Kumbe ugomvi ule hukuuweka moyoni."

Wazee wakaitikia amina. Mwalimu aliyesomesha hitima akauliza kwa adabu dua aisome kwa jina la nani.

"Soma kwa wote," Bi Zamda alisema. "Ukuta usiguswe."

Akakunja buibui lake, akatoka kwenye kilango, akazunguka ukuta wake mrefu mpaka alipofika jamvini kwa Hanifa.

"Sogea."

Hanifa akasogea, lakini si sana.