Baiskeli ya Gichuru Ilivyoshinda Mbio za Ruiru

Ijumaa jioni Gichuru alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yake, tyubu ya gurudumu la nyuma ameizamisha kwenye karai la maji, anatafuta mahali panapotoa mapovu. Hakukuwa na mapovu. Hata jana hayakuwepo, na juzi vilevile. Njambi, mke wake, alipita na mzigo wa kuni mgongoni akamwambia hayo maji ni ya kupikia, akimaliza kuogesha mpira wake amjulishe.

Mbio zilikuwa kesho. Zilikuwa mbio zake kabisa, hakuna mwingine aliyezitunga. Ni kutoka daraja la Thika hadi daraja la Ruiru na kurudi, mara tano kwa siku moja, na atakayemaliza wa kwanza ndiye bingwa. Alizipanga miezi na miezi, akichora barabara kwenye majivu ya jikoni kwa kijiti. Hapa mteremko wa Ndarugu, usikanyage pedali, pumzika. Hapa kupanda, shuka usukume, usijifanye dume. Hapa kwenye mkonge wa Juja upepo unakuja ubavuni, jifiche nyuma ya mwenzako mpaka akuchukie.

Kila Jumapili rafiki yake Dalmas, Mjaluo wa kiwanda cha ngozi, alikuja kusimama ng'ambo ya handaki, Gichuru akampigia kelele mipango yote, naye Dalmas akaipeleka mjini. Handaki lilikuwa limezunguka kijiji chao chote, hapo karibu na Thika, tangu Emajensi, ile amri ya hali ya hatari, ishike, na ndani yake kulikuwa na miti iliyochongwa ikachongoka. Mlango ulikuwa mmoja. Mlangoni alikaa gati, yaani mlinzi wa serikali, na bunduki yake, na Mkikuyu hakupita hapo bila pasi. Watu wa kabila zingine walitembea watakavyo.

DO, yaani Mzungu aliyesimamia sehemu hiyo, alizipenda sana hizo mbio. Alisema michezo inatuliza watu. Akatoa kikombe cha kushindaniwa, akaweka polisi kwenye njia panda, akachagua siku. Gichuru alipomwendea ofisini kwake, hapo hapo kijijini, kuomba pasi ya siku moja tu, DO alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa mpango mzuri, akamkatalia. Gichuru akarudi wiki iliyofuata. Akashukuriwa tena, akakataliwa tena. Mtu anayekutukana unaweza kumkasirikia ukalala. Huyu alikuwa anampa mkono.

Kuna jambo Gichuru hakumwambia DO, na ni Dalmas peke yake aliyelijua. Mahali pa kugeuzia pangeweza kuwa Juja, au pangeweza kuwa mbele huko Kahawa. Lakini mama yake, Wangeci, alikuwa amefungiwa kijiji cha Ruiru, hapo karibu na daraja, na tangu mahandaki yachimbwe hawakuwa wameonana. Kugeuza pale mara tano ni kumwona mama mara tano. Watu walisema Gichuru ana wazimu wa baiskeli. Wazimu alikuwa nao kidogo, hilo halikatai. Lakini hakuna mtu anayepanga barabara yote hiyo kwa sababu ya cheni na spoku.

Asubuhi filimbi ya kuhesabiwa ikalia. Watu wakatoka, wakapanga mstari kwenye umande. Baiskeli ya Gichuru nayo ikatoka, ikainua stendi yake, ikapita katikati ya mstari bila kugusa mtu, ikashika njia ya mlangoni. Kiti kilikuwa kitupu. Njambi alisema ni heri angalau mmoja wa nyumba yake apate kutoka.

Gati wa siku hiyo alikuwa Ephantus. Aliishika usukani, akaiomba pasi. Dalmas alikuwa upande wa pili wa mlango na baiskeli yake mwenyewe, amepitia kuazima pampu.

"Unaiuliza pasi ya nini?" akasema Dalmas.

"Kitu cha Mkikuyu kikitoka hapa, ni pasi."

"Nani alikuambia ni Mkikuyu? Umeiuliza kabila?"

Ephantus akafikiri. Ni kweli, swali la kabila ndilo lilikuwa la kwanza, hata kabla ya jina, na yeye alikuwa ameliruka. Mkubwa wake angemsikia angempokonya bunduki. Akainama. Chini ya kiti, kwenye chuma, kulikuwa na herufi. Ephantus alifika darasa la tatu kwa misheni, kwa hivyo alizifuata kwa kidole, pole pole, mpaka zikaisha. Zilisema baiskeli imetoka Uingereza.

Alisimama wima, akavuta shati likae sawa, akafungua mlango wote, akapiga saluti.

"Na mimi nikiwa juu yake?" Gichuru akauliza kutoka kwenye mstari.

"Wewe umetoka hapa hapa," Ephantus akamjibu, tena bila ubaya. "Nilikuwepo ukibatizwa."

Yaliyotokea barabarani Gichuru aliyasikia baadaye kwa Dalmas, kwa sababu siku hiyo yeye na wenzake walipelekwa kuongeza kina cha handaki. Kazi ya lazima haikuwa inasimama eti kuna michezo.

Dalmas alisema baiskeli iliufuata mpango kama iliyolala nao jikoni. Ndarugu ilishuka pedali zimetulia. Mlimani, kwa vile hakukuwa na mtu wa kushuka aisukume, ilijikokota yenyewe, ikiyumba kidogo kama mtu anayepanda na gunia. Kule kwenye mkonge ilijificha nyuma ya Barasa, kijana mmoja wa Bungoma mwenye mapaja kama magogo, mpaka Barasa akageuka akaiambia kama inataka kubebwa iseme. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliinama akasoma pale chini ya kiti, akainuka haraka. Hizo habari zikaitangulia. Vizuizi vingine ilivikuta vimeshafunguliwa.

Ruiru, wanawake wa kijiji walikuwa wametolewa tangu mapema wafagie barabara, wapanda baiskeli wasile vumbi. Wangeci alikuwa mmoja wao, na ufagio wake wa matawi. Baiskeli ikajitoa kwa wenzake, ikasimama mbele yake. Mama akaangalia kiti. Halafu akaangalia nyuma ya baiskeli, barabara yote ya kurudi Thika, akaangalia kwa muda. Halafu akaiuliza kwa Kikuyu kama mtoto wake ni mzima. Kengele ikalia mara moja. Akauliza kama anakula vizuri. Kengele haikulia.

Wangeci akaipangusa vumbi kwa pembe ya leso, akatema mate kidogo kwenye usukani, vile mama humtemea mtoto kifuani akimbariki kabla ya safari. Gati aliyesimamia akamwambia arudi kwa ufagio. Akarudi.

Mara ya pili mama alifunga viazi vitamu kwenye karia ya nyuma. Mara ya tatu zikaja nduma na ndizi za kuiva. Wanawake wengine walipoona, nao kila mmoja akaleta kidogo, kwa sababu hakuna aliyekosa mtu upande wa Thika. Ilipogeuza mara ya mwisho karia ilikuwa imelemewa kama punda wa sokoni, na kamba imepigwa fundo juu ya fundo. Dalmas mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amekaa chini ya mti anakandwa misuli, aliiona ikipita na mzigo huo wote. Ilimshika Barasa pale harufu ya ngozi inapoanzia, ikampita, ikafika darajani ya kwanza.

DO alikuwa amesimama na kikombe. Hakushangaa. Alishuka tu ngazi ya jukwaa, akaizunguka, akauliza inatoka wapi, na polisi wakamwonyesha chini ya kiti. Hapo uso wake ukaanguka kidogo. Mbio zilikuwa za Waafrika peke yao, ndivyo yeye mwenyewe alivyoagiza. Aliiomba radhi baiskeli kwa Kiingereza, akaipa njia, akamkabidhi Barasa kikombe.

Barasa alikipokea, akakiangalia ndani na nje.

"Sasa nikifika nyumbani," akamwambia Dalmas, "nitasema nilimshinda nani?"

"Sema ulikuwa wa kwanza kwa watu."

Baiskeli ilirudi kijijini kabla ya saa ya kafiu, ya watu kutotoka nje. Gichuru aliipokea mlangoni, mikono yake bado ina udongo wa handaki, akaifungua kamba fundo moja moja, akagawa kila mzigo kwa mwenyewe. Watu walijuana kwa mafundo, maana kila mama hufunga kwa njia yake. Chini kabisa, kwenye gunia, kulikuwa na sweta mama alilomfumia. Alilivaa pale pale. Mabega yalimshuka hadi karibu na viwiko, na tumboni kulibaki nafasi ya mtu mwingine. Wangeci alikuwa amemfumia yule Gichuru aliyemwona mara ya mwisho. Njambi akasema atalifumua alipunguze. Gichuru akakataa. Akalala nalo.

Tangu siku hiyo ikawa kila Jumamosi. Filimbi inalia, stendi inainuka, Ephantus anapiga saluti, baiskeli inakwenda Ruiru na kurudi. Ilizoeleka kama mvua za Aprili. Klabu moja ya Wazungu ya Nairobi iliialika kwenye mbio zao, baiskeli ikaenda mara moja, ikarudi mapema. Hapo Ruiru, Wangeci alizoea kukaa kando ya barabara aiulize maswali yake. Lakini kengele inajua jibu moja tu, na kuna mambo mtu hawezi kumuuliza mwanawe kwa kengele.

Wazo la kuwa boi, yaani mtumishi, lilikuwa la Dalmas. Alilileta Jumapili moja ng'ambo ya handaki, akacheka kwanza yeye mwenyewe, halafu akaacha kucheka. Mzungu akisafiri na boi wake, boi hazuiwi. Sasa kama baiskeli ni Mzungu, nani ataiosha, nani ataitia upepo ikipungukiwa njiani? Gichuru hakucheka hata kidogo. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa DO, shati limefuliwa.

DO alilifikiria jambo hilo kwa makini, kalamu mdomoni. Alikubali kuwa lina maana. Alikubali kabisa kwamba Mzungu hawezi kukaa bila boi. Ila boi, akasema, lazima awe na barua ya bwana wake, na barua lazima iwe na sahihi.

Gichuru akarudi nyumbani, akatafuta wino kwa mwalimu, akaumwaga kwenye bakuli, akalizungusha gurudumu la mbele humo, akaipitisha baiskeli juu ya karatasi safi. Ilitoka michoro mizuri, imenyooka. Akaikausha juani, akaipeleka ameishika kwa pembe.

"Hii ni alama ya tairi," DO akasema.

"Ndivyo inavyoandika, bwana."

"Lakini tairi zote huandika hivi. Nitajuaje ni yake?"

Gichuru alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya kumpeleka kizuizini. DO akamrudishia karatasi vizuri, bila kuikunja. Akamwambia baiskeli ikishajifunza kuandika jina lake, waje wote wawili, mlango uko wazi. Kisha akamwuliza kama mbio za mwaka ujao haziwezi kuwa ndefu zaidi, kwa sababu wakubwa wake walizifurahia mno, na hakujua mtu mwingine wa kuzipanga.

"Bwana, mimi nataka tu kumwona mama."

"Na si anapelekewa salamu kila Jumamosi?" DO akasema, na alionekana kweli hajaelewa. "Kuna watu hapa kijijini ambao mama zao hawatembelewi na mtu."

Wiki hiyo ikatoka amri mpya. Kwa kuwa kijijini sasa kunaishi Mzungu, akipita watu wavue kofia. Ephantus aliisoma mbele ya mstari mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, akiwa anaangalia juu ya vichwa vyao.

Jumamosi Gichuru aliamka gizani. Alijaza upepo, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akapaka cheni mafuta, akafunga kwenye karia maharagwe ya Njambi na majani chai kidogo. Filimbi ikalia, akaenda kwenye mstari. Baiskeli ikampita karibu sana, hata akasikia spoku zikiimba. Gichuru akavua kofia. Aliishika kifuani mpaka vumbi likatulia upande wa Ruiru na Ephantus akafunga mlango, halafu akaivaa, akachukua jembe, akateremka handakini.