Rambirambi za Mwalimu Amolo

Jumamosi, tarehe 9 Mei mwaka 1970, saa tatu na robo asubuhi, mvua iliyoanza usiku ilikuwa imepungua ikawa manyunyu, wingu zito limelalia ziwa, na njia za mtaa wa Kaloleni zimegeuka uji. Hata hivyo Mwalimu Walter Amolo alikuwa amekwisha kufungua duka la Kamati ya Msaada wa Mafuriko, kwa sababu tangazo la mlangoni lilisema duka litafunguliwa saa tatu, na tangazo hilo aliliandika yeye.

Lilikuwa duka la chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa. Nguo kuukuu zilizouzwa humo zilitoka pande mbili: marobota ya makanisa ya ng'ambo, na masanduku ya wenyeji wa Kisumu wenyewe. Mapato yalinunua unga na mablanketi ya watu wa Ahero, ambao maji yalikuwa yamewafuata hadi vitandani. Mwalimu Amolo alifundisha hesabu katika shule ya msingi siku za juma, na Jumamosi alisimamia duka kama alivyosimamia darasa. Bei haikupunguzwa. Hakuna aliyekopeshwa. Tena ilikuwa marufuku kuziita nguo hizo kafa Ulaya, kama Kenya nzima ilivyoziita, kwa imani kwamba wenyewe walifia huko zikaletwa huku. Aliyelitamka neno hilo alitozwa senti kumi, zikaingia katika kopo la maziwa ya unga. Kwa miezi miwili kopo hilo lilikuwa limechangia mafuriko kuliko rafu nzima ya viatu.

Asubuhi hiyo mawazo yake hayakuwa dukani. Jioni, saa moja, wanafunzi wa zamani wa shule yake ya bweni walikuwa na karamu katika hoteli moja ya mjini, na zamu ya kusimama kichwani mwa meza na kuita majina ilikuwa imemfikia yeye, aliyepata kuwa kiranja mkuu. Aitaye majina huvaa koti la shule, la buluu iliyoiva, lenye nembo ya korongo kifuani. Hajapata kutokea mtu akaita bila koti. Jana yake alikuwa amemwomba mkewe, Lornah, alipige pasi. Lornah alijibu, "Nitalitafuta," kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Alikuwa akilifikiria hilo mlango uliposukumwa, akaingia mwanamke mnene mwenye uso wa upole, maji yakimtiririka. Juu ya gauni alikuwa amevaa koti la buluu iliyoiva. Korongo alisimama kifuani pake kwa mguu mmoja.

"Mulembe, Mwalimu," alisema. "Mimi ni Nasambu, kutoka Nyamasaria. Nimekuja kwa ajili ya yule marehemu; nyumba yake nimeiuliza mtaa mzima, sijaonyeshwa."

"Marehemu yupi, Mama?"

"Huyu." Akalipapasa koti begani kwa heshima. "Mimi sikulelewa kuvaa nguo ya mtu aliyekufa bila kuwapa wenyewe pole. Alhamisi nilikuja hapa, nikamkuta Mama Maximilla. Nikamwambia, hii kafa Ulaya nimeipenda, lakini…"

"Senti kumi," alisema Mwalimu Amolo. Ulimi ulisema wenyewe. Macho yalikuwa kwa korongo.

"Za nini?"

"Za neno ulilolisema. Hakuna mtu aliyekufa, Mama. Nguo hizi ni za watu walio hai."

Nasambu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mfiwa asiyetaka kuambiwa ukweli. "Kama hakufa, mbona ameacha koti zima hivi? Halina hata tundu!"

Swali hilo Mwalimu Amolo naye alikuwa amelifikia. Akaomba, kwa sauti aliyoitunza isipande, aruhusiwe kutazama ndani ya ukosi. Nasambu akainamisha kichwa. Kulikuwa na kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa uzi mwekundu: W. AMOLO 114.

"Jirani alinisomea," alisema Nasambu. "Amolo. Nikashangaa, kumbe Wajaluo wamefika Ulaya wakafia huko! Na ameishi, jamani, miaka mia na kumi na nne. Huyo ameondoka akiwa ameshiba siku."

"Hiyo si miaka. Ni namba ya bweni."

"Umeijuaje?"

"Kwa sababu Amolo ni mimi."

Nasambu alirudi nyuma hatua moja, akashika kifua, yaani akamshika korongo. Wakati huo Mama Maximilla Kageha, mwenyekiti wa kamati, aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na rundo la suruali mikononi. Alikuwa mwanamke wa vitendo, asiyependa mambo kuzunguka. Alisikiliza pande zote mbili, akaweka suruali chini, akaeleza.

Alhamisi mteja huyu alilichagua koti. Alipotajiwa shilingi sita alikataa kabisa, akasema mali ya marehemu hailipiwi bei, bali jamaa hupelekewa rambirambi, naye rambirambi alikuwa nayo kikapuni: kuku. Mama Maximilla alimtazama kuku, akamwona ni wa zaidi ya shilingi sita, akampokea.

"Ukampokea kama rambirambi?" aliuliza Mwalimu Amolo.

"Nilimpokea kama kuku."

"Basi mambo ni mepesi. Arudishiwe kuku wake, nami nirudishiwe koti langu. Kuku yuko wapi?"

Mama Maximilla alijishughulisha kukunja suruali moja. "Mwalimu, si Alhamisi jioni tulikuwa na kikao cha kamati?"

"Tulikuwa nacho."

"Na si tulikula?"

Mwalimu Amolo akakumbuka. Kilikuwa kitoweo kizuri, chenye nyanya nyingi, naye alikuwa amekisifu kwa maneno yaliyoandikwa katika kumbukumbu za kikao.

"Tena firigisi ulipewa wewe," alimalizia Mama Maximilla, "kwa kuwa ndiwe mwanamume peke yako."

"Yesu Maria!" alinong'ona Nasambu. "Amekula matanga yake mwenyewe."

Mwalimu Amolo alisema kwamba atanunua kuku mwingine, kwa fedha yake, sasa hivi.

"Wangu alikuwa anataga," alionya Nasambu.

"Atakuwa wa kutaga."

"Leta kuku anayetaga, chukua koti. Mimi na mfu anayetembea hatuna ugomvi."

Mwalimu Amolo akachukua mwavuli, akamwachia Mama Maximilla duka, akaenda sokoni. Huko alimhoji mwuzaji wa kuku maswali mengi kuliko aliyowahi kumwuliza mwanafunzi aliyechelewa, mpaka yule bibi akaapa kwa wanawe wote kwamba kuku huyo, mwekundu mwenye shingo tupu, alikuwa ametaga asubuhi ile ile. Alipokuwa akirudi, kuku kwapani na mwavuli juu ya wote wawili, alikutana na Oduor, aliyesoma naye bwenini na ambaye jioni angekaa naye mezani. Oduor alisimama katikati ya tope, akavua kofia.

"Omera! Pole sana. Nimesikia huko Kaloleni kwamba kwenu mmefiwa. Kuna mama kutoka Nyamasaria alikuwa anauliza nyumba ya marehemu Amolo. Ni nani ametutoka?"

"Ni mimi," alijibu Mwalimu Amolo.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema Oduor, ambaye hajawahi kusikiliza jibu la swali lake tangu kidato cha kwanza. "Mungu ametoa. Na karamu je? Majina utaita?"

"Nitaita."

"Moyo wa chuma!" alisema Oduor, akavaa kofia, akaenda zake kuwaambia wengine.

Mwalimu Amolo aliporudi dukani alimkuta Lornah. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia akiwa anafua, na alikuwa amekuja mbio kuangalia kama mumewe yu hai. Alipomwona mlangoni na kuku kwapani, hofu ilimtoka, hasira ikachukua nafasi.

"Baba Rosa, watu wanakuja kwangu na sufuria za kupikia wageni! Na wewe unanunua kuku?"

"Mama Rosa, nitauliza mimi kwanza. Koti langu lilifikaje hapa?"

"Nililileta."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yako." Lornah alijifunga leso vizuri kiunoni, dalili kwamba hakukusudia kuondoka upesi. "Ulisimama kanisani mbele ya watu wote ukasema kila nyumba itoe nguo moja isiyofanya kazi, na wanakamati ndio waanze. Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku. Gauni zangu mbili zote zinafanya kazi. Shati zako zinafanya kazi mpaka zimechoka. Koti hilo limelala na dawa ya nondo kwa miaka kumi na moja. Ningetoa nini, shuka?"

Mama Maximilla alikohoa. Mwalimu Amolo alitafuta kosa katika hoja ile, hakulipata.

"Haidhuru," alisema hatimaye. "Tumepatana na Mama. Kuku ndiye huyu."

Nasambu alianza kufungua vifungo. Alifungua cha kwanza polepole, na alipofika cha pili akasema, kana kwamba anaongea na koti lenyewe, "Sijui Masinde nitamwambia nini."

"Masinde ni nani?" aliuliza Lornah.

"Mume wangu. Ni mlinzi wa usiku, ghala la mchele huko Ahero. Tangu mafuriko baridi ya hapo inaingia mpaka mifupani. Koti ni lake. Saa hizi amelala, ndiyo nimeliazima kwa mvua. Lakini si baridi tu, Mama. Zamani madereva wa malori walikuwa wanamwita 'wewe.' 'Wewe, fungua geti! Wewe, lete maji!' Usiku ule wa Alhamisi alipotokea na ndege huyu kifuani, dereva mmoja akazima taa akasalimu kwanza. Jana meneja amesoma jina hapo kwenye ukosi, koti likiwa limetundikwa. Sasa wanamwita Bwana Amolo."

"Wanamwita nani?" Sauti ya Mwalimu Amolo ilipanda licha ya jitihada zake.

"Bwana Amolo."

"Naye anaitika?"

"Angefanyaje? Miaka saba amekuwa 'wewe.'"

Lornah aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mwalimu Amolo alimweka kuku juu ya meza, akamshika kwa mkono mmoja, akaendelea kuhoji kwa ukali ule ule.

"Huwa analala kazini?"

"Zamani, kidogo. Sasa hawezi. Anasema koti hili linamshika mgongoni kama fimbo, mtu akitaka kujikunja linakataa."

Ilikuwa kweli. Lilishonwa hivyo kwa makusudi.

"Anafunga vifungo vingapi?"

"Vyote vitatu."

"Hata kuwe na joto?"

"Mwalimu, yule mtu anavifunga hata akienda chooni."

Mwalimu Amolo alivihesabu vifungo kwa macho. Mama Maximilla, aliyedhani anajua kinachomtatiza, akamsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sasa ni saa tano, kwamba kuku amekwisha kuletwa, mapatano ni mapatano, na kwamba alichukue koti lake alipeleke likaushwe kabla ya jioni. Huyo mlinzi kamati ingemtafutia sweta. Lilikuwa shauri jema. Mtu yeyote angelifuata.

"Mama Maximilla," alisema Mwalimu Amolo, "mimi niliomba nguo isiyofanya kazi. Nyumba yangu ilitoa isiyofanya kazi. Sasa inafanya kazi. Nikiichukua leo niirudishe sandukuni, Jumapili ijayo nitasimama kanisani niwaambie watu nini?"

"Na jioni utavaa nini?" aliuliza Lornah, naye hakuwa akicheka tena. Alijua karamu ile ilikuwa nini kwake.

"Shati jeupe na tai. Wakiona mtu asiye na koti hafai kuita majina, ataita mwingine, nami nitaitika jina langu likifika."

Akaomba mkasi. Nasambu akainama tena, na Mwalimu Amolo akakata uzi mwekundu, mshono mmoja baada ya mwingine, bila kugusa bitana. Akakiweka kile kitambaa mfukoni.

"Koti ni la mumeo," alisema. "Jina ni langu. Mwambie meneja amwite Bwana Masinde, na mwambie Bwana Masinde asiitike kwa lingine. Funga vifungo, Mama."

Nasambu alifunga vyote vitatu. Alishukuru kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kibukusu, kisha akachukua kikapu aende. Mwalimu Amolo akamwinua kuku mezani, akampa.

"Huyu pia?" alisema Nasambu. "Si tumeachana na mambo ya kuku? Koti ninalo."

"Kuku wako ulimtoa kwa ajili ya marehemu. Marehemu hayupo. Rambirambi ya mtu aliye hai siwezi kukaa nayo, zaidi sana nikiwa nimekwisha kuila. Nilikuwa na deni lako. Huyu ndiye malipo."

Nasambu alimpokea kuku, akampima kifua kwa vidole, akamfunua mkia akaridhika. "Deni limekwisha, Mwalimu."

"Limekwisha," alisema Mwalimu Amolo. "Na koti ni shilingi sita."

Mama Maximilla alifunika uso kwa suruali. Nasambu alimtazama Mwalimu, akamtazama Lornah, ambaye alitikisa kichwa kumwonyesha kwamba hakuna njia.

"Si zipungue kidogo? Mwenyewe yu hai, Mwalimu. Koti la mtu aliye hai haliwezi kuwa na bei moja na la aliyekufa."

"Sita."

Nasambu akamweka kuku kikapuni, akafungua fundo la leso, akahesabu shilingi sita juu ya meza.