Folda ya Shikamoo

Kabla ya yote namshukuru Samira, binti wa Hasani mwenye duka la mabati, kwa kutonitii. Angenitii, mtamba wa Mzee Gidahosh leo angekuwa supu ya watu tusiowajua.

Mimi ni Alfredi, fundi simu hapa Katesh, na msimamizi wa kundi letu la wafugaji la kwenye simu. Tuko mia mbili na kidogo, kuanzia Endasak mpaka Hirbadaw. Cheo sikukiomba. Siku ya kuchagua, simu yangu peke yake ndiyo ilikuwa na chaji. Kabla ya hapo niliwahi kununua robota la viatu vya mtumba, nikalifungua mnadani mbele ya watu, nikakuta vyote ni vya mguu wa kushoto. Tangu siku ile nimezoea kujicheka mapema, kabla wenzangu hawajaniwahi.

Sasa, kundi letu lilikuwa na ugonjwa wa salamu. Mzee mmoja akiandika asubuhi "habari zenu", vijana wote wanamwamkia, mmoja mmoja, maana hakuna anayetaka kuonekana hakufundwa kwao. Na mzee naye anawaitikia mmoja mmoja, maana naye alifundwa. Chai haijachemka, simu zimeshajaa. Tukakubaliana kila ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku saba. Simu zikapumua. Lakini zikafutika pia dawa za kuogeshea, tarehe za chanjo na picha za ng'ombe waliopotea. Mtu anauliza leo jambo tulilomjibu mwezi uliopita, na hakuna anayekumbuka tulimjibu nini.

Ndipo Samira akatuokoa. Alisomea kompyuta Arusha, kisha akarudi kumsaidia baba yake kupima misumari. Akatengeneza programu ambayo kila jioni, bila kuguswa na mtu, inakusanya yote yaliyoandikwa kundini na kuyatunza kwenye kompyuta yake, na tarehe zake na picha zake. Tuliwatangazia wanakundi, wakaridhia.

Mimi, kwa kuwa ni msimamizi, niliona lazima nisimamie kitu.

"Iambie hiyo programu yako," nilimwagiza, "ujumbe wowote unaoanza na shikamoo iutupe. Tusitunze takataka."

"Kaka Alfredi, una uhakika?"

"Kuliko uhakika niliokuwa nao kwenye viatu."

"Hicho ndicho kinachonitisha," akasema, akarudi kwenye misumari yake.

Mwaka wa tatu ukaingia. Alhamisi moja asubuhi Mzee Gidahosh alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, vumbi la Hirbadaw mpaka kwenye kope. Mzee huyu ukame ulimchukulia ng'ombe kumi na mmoja. Akabakiwa na ndama mmoja jike, akamlea kama mjukuu mpaka akawa mtamba, akashika mimba. Wiki tatu nyuma wezi walimpitia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ameonekana."

"Mtamba? Wapi?"

"Dongobesh. Polisi wamemkamata pamoja na ng'ombe wengine, wako zizini. Lakini kuna mtu wa huko anasema ni wake. Amepigwa chapa mpya juu ya chapa yangu. Wameniambia nilete uthibitisho kesho kabla ya saa sita mchana. Nisipoleta, anakabidhiwa yule. Nikimkosa huyu, Alfredi, boma langu linabaki na mbuzi na kuku."

Niliacha simu ya mteja ikiwa tumbo wazi.

"Ana alama gani ambayo chuma hakiwezi kuifuta?"

"Chini ya tumbo, upande wa kushoto, ana baka jeupe mfano wa ndala. Alizaliwa nalo. Na siku anazaliwa alipigwa picha, ikatumwa kwenye kundi lenu. Mke wa Gidamis alituma." Gidamis ni mwanawe mkubwa, na mke wake anaitwa Efrazia.

"Basi tumepona!" nikasema. Nikamshika mkono tukavuka barabara.

Samira alimwamkia, akamwekea mzee ndoo ya rangi iliyopinduliwa akae, akaandika "Gidahosh" kwenye sehemu ya kutafutia. Vikaja vitu kumi na vinne: mzee anauliza bei ya chumvi, mzee anatukanwa kwa heshima kuhusu mipaka ya malisho. Ndama hakuna.

"Labda hakutuma," Samira akasema taratibu.

"Alituma. Nilisimama pembeni yake. Akaandika kwanza salamu kwa wazee, kisha habari, kisha picha."

Salamu kwa wazee. Efrazia ni mke aliyefundwa. Angewezaje kuandika mbele ya wazee mia moja bila kuanza na shikamoo? Na nani aliyeagiza shikamoo zote zitupwe? Niliangalia mabati. Niliangalia misumari. Nikamwangalia mzee aliyekuwa ananiamini.

"Mzee," nikasema, "picha yako nimeitupa mimi."

Mzee alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaangalia chini. Bora angenichapa nayo.

"Hakuitupa," Samira akasema.

"Samira, usinifariji."

"Nani anakufariji? Ulisema nitupe, nikasema moyoni huyu ni mtu wa viatu vya kushoto." Akafungua folda iliyoandikwa SHIKAMOO. "Ziko humu zote. Elfu nne mia sita na tatu."

Ningekuwa na adabu ningelia. Nilicheka, na mzee akacheka kwa kuwa mimi nimecheka, ingawa hakujua bado tuko mbali. Maana Samira aliandika tena "Gidahosh" ndani ya folda ile, na hakikuja kitu. Hata kimoja.

"Namba yake aliyotumia?" akauliza.

"Ya jirani. Jirani alihamia Singida," mzee akajibu. Kisha akainua kichwa. "Ninyi mnamtafuta kwa jina gani?"

"Kwa jina lako, mzee."

"Jina langu!" Aligonga fimbo sakafuni. "Mimi ni baba mkwe wake! Mke wa mwanangu atatamkaje jina langu? Tangu aingie nyumbani hajawahi kulitaja, wala kuliandika hatakaa aliandike. Ninyi watu wa mjini mmesoma nini?"

Samira alijifunika uso kwa mtandio akicheka. "Anakuitaje basi, baba?"

"Mwenye boma."

Akaandika "mwenye boma". Kompyuta ikafikiri. Ikaja mistari mitatu, na wa kwanza ulikuwa huu: *Shikamooni wazee wote. Leo alfajiri mwenye boma letu amepata ndama jike. Mvua ya jana imemkuta salama. Tunashukuru Mungu na ninyi mliotuombea.* Chini yake ndama, bado amelowa, miguu imepishana kama meza iliyolegea, na chini ya tumbo, kushoto, ndala nyeupe kabisa. Tarehe juu. Na pembeni ya ndama, fimbo hiyohiyo niliyokuwa nimeikodolea macho.

Mzee aligusa kioo kwa kidole kimoja. "Alikuwa mdogo," akasema.

Samira alipokuwa akiichapisha, mimi nilibaki nasoma folda. Nilidhani nitakuta salamu tupu. Nilikuta mtu wa Masakta anashukuru kwa mchango wa msiba. Nilikuta mtoto aliyepotea siku mbili akapatikana, chanjo iliyookoa zizi zima, bibi anayetaka radhi kwa jirani. Kila mwenye jambo zito alianza na shikamoo. Waliokuwa hawaanzi na shikamoo, karibu wote, walikuwa wanauza betri za sola.

Ijumaa saa nne tulikuwa Dongobesh. Yule mdai aliulizwa mtamba wake ana alama gani chini ya tumbo, akajibu ni ng'ombe wa kawaida. Mzee akatoa karatasi. Wakamgeuza mtamba, wakaangalia, wakaangalia karatasi, na yule bwana akakumbuka kwamba alikuwa na safari.

Juzi mtamba amezaa. Mzee alikuja dukani na kibuyu cha maziwa, akatangaza ndama ataitwa Samira.

"Ni jike?" Samira akauliza.

"Dume."

"Basi mwite Alfredi."

"Sawa," mzee akasema. "Ila huyu miguu yake yote minne iko sawa."

Jioni hiyo Efrazia alituma picha. Ilianza na shikamoo, kama kawaida, na marahaba zikaanza kushuka, moja moja, mpaka simu yangu ikapata moto mfukoni. Sikuizima.