Vaa Ndala Ukioga

Shawa ya umeme ilianza kuvuja wiki ile ile mume wake alipoondoka na lori kwa safari ndefu, na mwanzoni Dobi hakushangaa. Baba wa nyumba akitoka, vitu vya nyumba navyo hugoma.

Majirani walimwita Dobi kwa ajili ya kazi yake. Miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, shuka juu ya shuka, mvuke usoni tangu asubuhi. Aliishi ghorofa ya tatu na mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na minane ambaye magoti yake hayakukubali kukunjuka bila maji ya moto.

Maji yalitoka pale juu, shingoni mwa shawa, tone moja moja. Baadaye yakawa mstari mwembamba ulioshuka sambamba na waya, na rangi ya ukuta ikavimba kama mkate. Msimamizi wa jengo, mtu wa shati lililochomekwa vizuri na fungu la funguo kiunoni, alikuja mara tatu. Mara zote tatu alizungushia utepe mweusi, akajipangusa mikono na kusema, "Tayari."

Mara ya tatu Dobi alimwambia, "Bomba linanitekenya vidole nikilishika."

"Linakutekenya vipi?"

"Umeme."

"Ah! Shawa hizi ndivyo zilivyo. Vaa ndala ukioga."

"Na mikono niivalishe nini?"

Msimamizi alicheka, akashuka ngazi huku funguo zake zikimtangulia kwa kelele.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Dobi alikuwa anaanika nguo barazani aliposikia yowe. Halikuwa yowe la mtu aliyeteleza. Alijua. Kazini walifundishwa jambo moja mpaka likaingia kwenye mifupa: mwenzako akishikwa na umeme, usimkimbilie yeye, kimbilia swichi. Akaliruka beseni, akafika kwenye sanduku la fyuzi kando ya mlango, akashusha swichi kuu. Ndipo akaingia bafuni.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, ameshikilia mkono wake wa kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Mama! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Usinipigie kelele." Bibi alivuta pumzi. "Nimezaa watoto saba, nimezika mume, halafu niuawe na bomba?"

Dobi alimfunga shuka, akamwita jirani wa mlango wa pili, kinyozi, wakambeba hadi kliniki ya mtaa. Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akasema ana bahati, na kwamba si kila mtu huachiliwa na bomba likishamshika. Hilo la pili Dobi alilibeba hadi nyumbani kama jiwe.

Alimpigia simu msimamizi.

"Nitatuma mtu wiki ijayo," msimamizi alisema. "Na usiguse kitu. Ile ni mali ya mwenye jengo. Ukigusa, lolote litakalotokea ni juu yako."

Halafu akampigia simu mume wake, aliyekwisha kusikia habari. "Mke wangu, twende polepole," alisema. Injini ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Nyumba hazipatikani ovyo siku hizi. Usigombane na mtu mwenye funguo."

"Aliyerushwa ni mama yako, si mimi."

"Basi gombana," alisema mume.

Kinyozi alikuwa na bisibisi yenye taa ya kupimia umeme. Aliitumia kwenye mashine zake za kunyolea. Dobi aliazima. Alihakikisha swichi kuu iko chini, akapima waya wa kwanza, wa pili, kisha akarudia tena, maana ushujaa bila akili ni kujitafutia jeneza. Taa haikuwaka. Akapanda kwenye kigoda, akafungua shawa.

Chini ya tabaka zile za utepe, plastiki ilikuwa na ufa unaopitisha ukucha. Maji yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye nyaya. Hilo alilitarajia. Lakini waya wa kijani, ule wa ethi, unaoushusha umeme ardhini ukipotea njia, ulikuwa umekatwa mfupi, ukakunjwa na kufichwa nyuma. Haukuwa umefungwa popote. Aliufahamu waya ule. Pasi zao za hospitali zilikuwa nao, na fundi wao alizoea kusema pasi isiyo na ethi ni mtego wenye mpini.

"Hebu nione yako," alimwambia kinyozi.

Ya kinyozi ilikuwa vile vile. Ya mwalimu wa ghorofa ya pili pia. Kufikia alasiri Dobi alikuwa amezima swichi na kufungua shawa saba, nyumba saba, na nyaya saba za kijani zilikuwa zimekunjwa kwa mtindo mmoja, kama kazi ya mkono mmoja.

Msimamizi alikuwa ofisini kwake chini, anakunywa chai. Dobi aliingia bila kubisha, akaiweka shawa aliyoing'oa ukutani juu ya makaratasi ya msimamizi. Maji yaliyobaki ndani yakamwagika mezani.

"Wewe! Nilikwambia usiguse!"

"Nimegusa. Sasa gusa na wewe. Utafute waya wa kijani umefungwa wapi."

Hakugusa. Nyuma ya Dobi akaingia kinyozi na ya kwake, kisha mwalimu, kisha wengine, kila mmoja akiweka yake mezani mpaka kikombe cha chai kikakosa pa kukaa.

"Huu ni uharibifu wa mali," alisema msimamizi, sauti imepanda. "Nitawaandikia barua ya kuhama. Nitaanza na wewe."

"Andika. Na uandike kwamba dawa yako kwa bibi wa miaka sabini na minane ilikuwa ndala."

Mlangoni pakasikika mkongojo. Bibi alikuwa ameshuka ngazi zote, moja moja, na hakuna aliyemtuma. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akajipanga vizuri.

"Mimi nipo," alisema. "Mpigie mwenye jengo. Siondoki hapa mpaka nimsikie."

Alikaa saa mbili na nusu. Alipoletewa chakula, alikula pale pale, huku anamtazama msimamizi. Mwishowe msimamizi akapiga simu.

Jumatatu mwenye jengo alimleta fundi umeme mwenye cheti. Alifungua sanduku kuu, akatikisa kichwa, akamwita mwenye jengo pembeni. Kazi ilichukua siku nne: ethi mpya kutoka ardhini hadi juu, shawa mpya, na kila nyumba swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Dobi aliomba ruhusa kazini. Hakuna kifuniko kilichofungwa kabla hajauona waya wa kijani kwa macho yake. Fundi alinuna siku ya kwanza, siku ya tatu alikuwa anamwita mwenyewe, "Dobi, njoo ukague."

Barua ya kuhama ilikuja kweli, yenye sahihi ya msimamizi. Dobi aliigeuza, akaandika nyuma: "Nimesoma. Sihami." Majirani wakatia sahihi chini yake, bibi akaweka dole gumba, na barua ikarudishwa kwa mwenye jengo. Haikuja nyingine.

Msimamizi alibaki kazini, ila akiwaona ngazini alitazama ukuta. Dobi hakumpa nafasi hiyo. Kila asubuhi akienda kazini alisimama mbele ya ofisi yake na kuita kwa sauti ya kufika ghorofa ya nne, "Habari za asubuhi, msimamizi!" Halafu alisubiri, mkoba begani, hata kama amechelewa, mpaka aitikiwe.