Profesa Tak Ambembeleza Mtoto

Jioni hiyo Ma Yun-seo alikuwa akigeuza vipande vya nguruwe kwenye jiko la mezani, idara nzima ya nadharia ya muziki ikisubiri, Profesa Tak alipotangaza kwamba makala kuhusu nyimbo za kubembeleza watoto imekubaliwa na jarida. Makala hiyo aliiandika Yun-seo, mtoto akiwa mgongoni. Jina la Profesa ndilo lililotangulia, kama ilivyo desturi. Yun-seo alimmiminia kinywaji kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumbeba.

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya Profesa, nzito, yenye mikwaruzo ya sigara. Yake mwenyewe ilikwisha kuhamia kwa Profesa, ambaye alimjibu kwa sauti nyororo ya mama mchanga kwamba asijali, ajira ya kudumu itakuja. Watu waliendelea kula. Mhadhiri aliyeketi jirani alimnong'oneza Yun-seo kuwa sauti yake yeye ilichukuliwa mwaka wa tasnifu, na koo huzoea.

Nyumbani, mwanawe Haram alilia hadi jirani akagonga ukuta. Yun-seo aliimba. Alijua barabara kwa nini noti zinazoshuka taratibu humtuliza mtoto. Alikwisha kulithibitisha kwa majedwali. Haram hakuwa ameyasoma majedwali.

"Nyamaza, baba, unaniharibia hoja," alimbembeleza kwa besi ile ya Profesa. Mtoto akazidi.

Baada ya wiki nzima ya vilio alimpigia Profesa, akamwomba kwa adabu awe anamwimbia mtoto kwenye simu.

"Hilo tu, Mwalimu Ma? Nitaimba. Na wewe nimalizie ile sura ya kitabu."

"Sawa, Profesa. Ila pale mwishoni usikimbize, atashtuka."

"Unanifundisha kubembeleza?" Profesa akacheka, kicheko kilekile cha Yun-seo. "Kwani makala si yangu?"

Aliimba vizuri, hilo hatumnyimi. Simu iliwekwa juu ya mto, na Haram alisinzia kabla wimbo haujafika nusu. Jioni moja, usingizi ukimchukua, aliikumbatia simu, akatamka neno lake la kwanza.

"Eomma." Mama.

"Nipo, mwanangu," simu ikaitika kwa upole.

Yun-seo, msomi wa watu, kwanza alifurahi kwamba silabi ya pili ilishuka, kama alivyobashiri. Kisha akafungua mdomo ili naye aitike, akaufumba. Besi ile ingemwamsha. Akamfunika mtoto miguu, akisubiri Profesa amalize wimbo.