Mkono Juu ya Kichwa

Mke wangu alikuwa hawezi kujifunga kitambaa cha kichwa, na hiyo ilikuwa siri ya watu wawili. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda jikoni, mimi nikasimama nyuma yake nikamfunga. Kazi yangu kwenye kiwanda cha nyama ni mashine za baridi na mabomba yake, kwa hiyo mkono wangu si wa mtu wa vitambaa.

"Legeza, baba watoto. Hicho ni kichwa, si bomba."

"Bomba halilalamiki."

"Bomba halikupikii."

Bega lake la kulia lilikuwa limegoma. Mkono ulipanda vizuri mpaka kifuani, ukifika hapo ukasimama, ukiulazimisha machozi yanamtoka. Chini ya hapo ulikuwa mkono wa maana. Alikuwa mtoa mifupa kiwandani humo humo, na alikuwa akilitenga paja la ng'ombe na mfupa wake kabla hujamaliza kumsalimia, ndiyo maana wakamwita Bi Wembe. Meza yao inamfika mtu kiunoni, kisu kinafanya kazi kati ya kiuno na kifua, kwa hiyo unaweza kukaa pale miaka na miaka bila msimamizi kujua kwamba mkono haupandi. Na asijue, kwa sababu akijua anakupeleka maji. Ndivyo tunavyosema sisi: fulani kapelekwa maji. Maana yake unanyang'anywa kisu, unapewa mpira na brashi, unaosha damu sakafuni chini ya miguu ya wenzako, kwa daraja la mwisho la mshahara. Hakuna aliyewahi kurudi mezani kutoka maji.

Basi tukaitunza siri yetu. Nilihamishia masufuria rafu ya chini. Nguo mimi ndiye niliyezianika, majirani wakanisifu kwamba nampenda sana mke wangu, na mimi nikazipokea sifa zote.

Mwaka huo binti yetu akaajiriwa kwa majaribio, akawekwa meza ileile ya mifupa, ubavuni kwa mama yake. Mimi sikupenda, mama yake ndiyo kabisa hakupenda, lakini msichana alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu na alitoka na ile aproni nyeupe akiwa amevimba kichwa. Kuanzia hapo mke wangu akawa mtu wa neno moja. Ukimuuliza habari za asubuhi, atakujibu mnyororo.

Mnyororo ndio unaoleta nyama. Unapita juu ya meza, mapaja yakining'inia kwenye kulabu mpaka usawa wa kifua, na mwendo wake ndio mwendo wa mikono yako, utake usitake. Zamani, kati ya paja na paja, mtu alipata nafasi ya kupitisha kisu kwenye kinoo. Kisu kikiwa kikali, bega halina kazi kubwa. Kampuni ikaongeza mwendo, nafasi ya kunoa ikaliwa, na kisu butu hakikati mpaka ukisukume kwa bega. Ugonjwa wenyewe ndio huo.

Chama cha wafanyakazi kilikuwa kwenye mazungumzo na kampuni, na dai la kwanza lilikuwa mnyororo upunguzwe mwendo. Kampuni ikajibu kwa pendekezo lake: nyongeza ya mshahara kwa kila mtu, na si ya kubabaisha, lakini mnyororo uongezwe mwendo tena. Wanachama wakaambiwa wapige kura.

Mimi nilikuwa upande wa nyongeza. Sisemi kwa kujuta. Paa letu lilikuwa linavuja, na mashine za baridi hazijali mnyororo unakwendaje.

"Kwa hiyo utampigia kura meneja," mke wangu akasema tukiwa mezani.

"Naupigia kura mshahara. Na wewe utaupata."

"Na yule je?" Akaelekeza kidevu chumbani, binti yetu alikokuwa anajipaka mafuta kwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi. "Akifika umri wangu, nani atamfunga kitambaa? Wewe utakuwa umeshakufa."

"Ataolewa."

"Na fundi bomba?"

Tulicheka, lakini alikuwa hatanii. Nilimjua akisema jambo kwa utani ili asilie. Nikamwambia kila mtu na kura yake, mchana tupingane, jioni tule pamoja. Akasema sawa, ila jioni hiyo nijipikie.

Mkutano ulifanyika kantini, saa ya chakula. Wa majaribio hawana kura, kwa hiyo walibaki ndani wakisafisha meza, binti yetu akiwa mmojawapo. Sisi wengine tuliingia na gambuti zetu, tukakaa kwa idara kama tulivyozoea: watu wa ngozi nyuma, wafungaji wa nyama dirishani, watu wa mifupa katikati, sisi mafundi mlangoni. Mbele walikaa meneja, katibu wa tawi letu, na afisa wa kazi aliyeletwa kusimamia, kijana wa suti aliyekuwa akijitahidi asiuone uchafu wa sakafu.

Katibu aliomba kura ya siri. Afisa akauliza karatasi ziko wapi, na karatasi hazikuwepo. Akasema basi ni mikono. Akaeleza kwamba kwenye kiwanda kingine jamaa mmoja alinyanyua mikono yote miwili akahesabiwa watu wawili, kwa hiyo leo ni mkono mmoja tu, wa kulia, na unyooke juu ya kichwa. "Mkono ulio chini ya kichwa siuoni," alisema. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, naye alikuwa anatazama mikono yake mapajani.

Nikajifariji. Kura moja ikipungua kwao, nilisema moyoni, ni faida kwetu, na siri yetu haitajulikana. Mtu mmoja kushindwa kunyoosha mkono kwenye umati ule, nani atamwona?

Afisa akaita wanaokubali pendekezo. Nikanyoosha mkono wangu, mrefu na mzima. Wafungaji wakanyoosha, mafundi wakanyoosha, wachache wa ngozi. Akahesabu mara mbili.

Akaita wanaokataa. Nyuma, watu wa ngozi wakanyoosha mikono juu. Katikati, kwa watu wa mifupa, mikono ilipanda mpaka kifuani, ikasimama hapo. Si mkono wa mke wangu peke yake. Karibu meza nzima. Wanaume wenye vifua vipana, wanawake niliowajua kwa matusi yao makubwa, wote wameshika mikono yao kifuani kama watu waliokatazwa kuipandisha.

"Nyanyueni basi!" afisa akasema. "Mnaona aibu?"

Hakuna aliyenyanyua. Nikaona wanavyotazamana, kila mmoja akiuangalia mkono wa jirani yake, na nikaelewa kwamba kila mmoja alidhani ni yeye tu. Miaka yote ile wamesimama bega kwa bega, na kila mmoja ameficha kwake, na nyumbani kwa kila mmoja kuna mtu anayeanika nguo. Niliona haya, na sikujua haya hiyo ni ya nini, kwa sababu mimi sikuwa nimefanya kosa lolote.

Afisa akahesabu alichokiona na kutangaza kwamba pendekezo limepita.

Mke wangu akasimama. "Hujatuhesabu, mheshimiwa."

"Mama, nilisema juu ya kichwa."

"Nimesikia."

Akashika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakisukuma. Mkono ukapanda kidogo, ukakwama, akausukuma tena. Uso wake ulibadilika rangi na jasho likamtoka, lakini hakutoa sauti. Mkono ukapita sikio, ukapita kitambaa nilichomfunga asubuhi vibaya, ukasimama.

"Huu hapa," akasema. "Hesabu haraka."

Alijua anachofanya. Meneja alikuwa amekaa mbele kabisa, na hakuwa anaangalia mikono tena, alikuwa anaangalia nyuso. Yule fundi aliyekaa karibu nami akanisukuma na goti, "Shemeji anajimaliza," akanong'ona. Kura yangu nilikuwa nimeshaipiga, na kwa hasira niliyokuwa nayo sijui kama ningeweza kufungua mdomo bila kumtukana mtu, labda yeye mwenyewe.

Mzee mmoja wa mifupa akasimama akausukuma wake. Kisha wanawake wawili wakasaidiana, huyu akimshikia huyu. Kisha meza nzima. Kukawa na miguno humo ndani, na watu wa dirishani wakaacha kutafuna. Afisa akashuka, akapita katikati yao taratibu akihesabu kwa kidole, na safari hii hakuangalia sakafu. Pendekezo likakataliwa. Upande wangu ukashindwa.

Afisa alisema itabidi daktari wa serikali aje kuwapima watu wa mifupa wote. Meneja akasema hakuna haja ya kufika huko, mambo yanazungumzika. Yakazungumzika kweli. Mnyororo ulipunguzwa mwendo, tukapewa na nyongeza kidogo ya kufutia machozi, katibu akabebwa juu juu. Daktari wa serikali hakuja. Alikuja daktari wa kampuni, mtu mpole sana. Akamwambia kila aliyesimama siku ile kwamba kampuni inajali afya yake na haitamruhusu kuumia zaidi. Wote wakapelekwa maji.

Mke wangu alimwambia binti yetu kwamba ameomba mwenyewe kuhamishwa, mifupa imemchosha. Binti akaamini, kwa sababu wale waliopelekwa naye nao walisema hivyohivyo, na habari za mkutano waliogopa kuzitaja mbele yake. Mimi niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza, na paa likaendelea kuvuja.

Jioni moja tulikuwa tunakula. Msichana alikuwa ameshathibitishwa kazini, amepewa nafasi ya mama yake pale mezani. Mama yake alikuwa ametoka kuvua gambuti, vidole vya miguu vimejikunja kwa kulowa, anavisugua kwa kanga chini ya meza.

"Mama, siku hizi mnyororo unatambaa," binti akasema, akipiga miayo. "Namaliza paja, nasubiri, halijafika. Afadhali ule mwendo wa enzi zenu, ulituweka macho. Leo nimesinzia nimesimama."

Nikaweka kijiko chini. Nilitaka kumwambia yote pale pale, tangu mwanzo, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu, kwa nguvu, huku akimtazama mtoto wake usoni, na kwa mara ya kwanza tangu apelekwe maji nilimwona amefurahi.

"Sinzia, mwanangu," akamwambia. "Sinzia kabisa."