Kikohozi cha Selemani

Mwamvita alikuwa amekaa eda katika chumba cha nyuma ya duka la shemeji yake, Hatibu, pale Katesh, alipomsikia marehemu mumewe akimwita kwa jina.

Sauti ilitoka redioni. Hatibu aliinunua redio hiyo vita vilipopamba moto, na tangu hapo alijivuna kana kwamba wote wanaosema humo ndani ni wapangaji wake. Jioni ile ya Ijumaa zilikuwa zinasomwa salamu za askari walioko vitani Bama, ng'ambo ya bahari.

"Mimi Selemani, nyumbani Katesh. Mwamvita mke wangu, mimi mzima." Akakohoa. "Je, paa la jikoni limezibwa?"

Na tarishi wa boma alikuwa ameshaleta habari kwamba Selemani amekufa!

Mwamvita alitoka mbio hadi dukani, wateja wakampisha. "Bado, mume wangu!" aliijibu redio. "Kesho naliziba!"

"Umemsikia, shemeji?" Hatibu alisema. "Sauti haiji bila mtu. Boma wamekosea."

Nani angebishana na hilo? Asubuhi Mwamvita alivua nguo za eda, akapaka wanja, akapanda mwenyewe juu ya paa la jikoni kwake kuliziba. Furaha ilimjaa mpaka akawa anaimba huko juu, na majirani hawakujua wampe pole au hongera.

Aliyemvuruga ni mwalimu Nikolausi, aliyekuja kununua sabuni. Aliomba beseni la maji, akadondosha harage.

"Tazama, mama. Harage limeshazama, limetulia. Mawimbi bado yanatembea. Sauti ile waliinasa kwenye santuri zamani, ndiyo wanayoicheza."

"Kwa hiyo aliyesema hayupo?"

"Sijasema hayupo. Nasema sauti peke yake haituambii."

"Lakini harage lilikuwepo, mwalimu. Bila harage, maji yangecheza?"

Mwalimu alikuna kichwa, akachukua sabuni yake akaenda zake. Walimu ndivyo walivyo, wanakuachia beseni. Mwamvita alibaki analitazama. Yeye ni mke au ni mjane? Maji yalikuwa yametulia, na hayo nayo hayakusema kitu.

Ijumaa iliyofuata duka lilijaa watu. Sauti ikaja. Mimi mzima. Kikohozi kikawa palepale, kifupi vilevile. Je, paa la jikoni limezibwa?

"Nimeshaziba," Mwamvita alisema polepole. "Hukunisikia?"

Redio ikaendelea na askari mwingine.

Hakulia. Alirudi chumbani akanawa wanja, akavaa tena nguo za eda, asijue eda aianzie wapi: siku alipokuja tarishi, au jioni hii. Moyo ulimuuma, na bado kulikuwa na pembe moja ya moyo huo iliyokataa kabisa kuambiwa.

Salamu zilipoanza tena Ijumaa nyingine, Hatibu alimwonea huruma, akanyoosha mkono kuizima redio.

"Iache, shemeji," Mwamvita alisema kutoka nyuma ya ukuta. "Bado hajakohoa."